Walikataa Mji, Wakahesabiwa Jijini: Uchambuzi wa Kisa cha Kaunti Moja ya Virginia

Kuhusu kisa hiki

Kaunti ninayoichambua hapa ipo kweli, katika jimbo la Virginia nchini Marekani. Jina lake nimeliacha nje, na idadi nyingine nimezitaja kwa makadirio, kwa sababu mahali penye watu wachache namna ile ukimgusa mmoja umeugusa ukoo mzima. Idara za serikali, tarehe na kanuni nimeziacha kama zilivyo. Hizo ni mambo ya hadharani, na ndizo zinazotufundisha.

Mara ya kwanza niliikuta kwenye jedwali. Nilikuwa nachuja kaunti za vijijini kwa msimbo wa Wizara ya Kilimo ya Marekani unaozipanga kaunti zote kuanzia 1 hadi 9. Namba 1 ni kaunti zilizo ndani ya maeneo ya majiji yenye watu milioni 1 au zaidi. Namba 9 ni shamba tupu, lisilopakana na eneo la jiji lolote. Kaunti hii ilikuwa na namba 1, sawa na Manhattan. Nikadhani kuna karani aliyebonyeza tarakimu isiyo yake. Baadaye nikagundua hakuna aliyekosea, na hapo ndipo kisa kiliponinasa.

Usuli

Msomaji wa Kenya asipotoshwe na neno kaunti. Kenya ina kaunti 47. Marekani ina kaunti na maeneo yanayohesabiwa kama kaunti zaidi ya 3,100, na ukubwa wake haulingani hata kidogo. San Bernardino ya California ina zaidi ya kilomita za mraba 50,000, imeuzidi mkoa mzima wa Arusha, na sehemu yake kubwa ni jangwa. Lakini yote, mchanga na mawe pamoja, imo ndani ya eneo la jiji.

Kaunti yetu ni ndogo: kilomita za mraba 700 hivi, na watu wasiofika 7,500 katika sensa ya 2010. Hao ni kama watu 10 au 11 kwa kilomita moja ya mraba. Upande mmoja inapanda milimani, na sehemu yake imo ndani ya hifadhi ya taifa. Haina hospitali. Haina taa hata moja ya kuongozea magari. Supamaketi ya kampuni kubwa hakuna. Shule ya msingi ya serikali ni moja, ya sekondari moja. Makao makuu yake ni kijiji ambacho wakazi wake hawafiki 200. Ni nchi ya ng'ombe, majani ya kukausha ya mifugo, matufaha, na siku hizi mizabibu. Ofisi ya Sensa yenyewe huihesabu kuwa ya vijijini kwa asilimia 100, kwa sababu hakuna kijiji ndani yake kilichofikia hata kiwango cha chini kabisa cha kuitwa mji.

Washington, mji mkuu wa Marekani na ndilo jiji la kisa hiki, iko mwendo wa kilomita 110 hivi. Katikati kuna kaunti jirani ya upande wa mashariki yenye mji wa wastani, hospitali, ofisi na maduka makubwa. Huyo jirani mumkumbuke, maana nusu ya kisa iko kwake.

Kuna jambo moja zaidi la usuli ambalo wachambuzi wengi hulipita. Kaunti hii iliamua zamani kutokuwa mji. Katika eneo lake la kilimo, sheria ya matumizi ya ardhi inataka kiwanja kisipungue ekari 25 kwa nyumba moja. Maana yake ni kwamba mwekezaji hawezi kununua shamba la ekari 100 akalikata viwanja 300 na kuweka barabara ya lami katikati. Atapata viwanja 4. Jirani zake walipokuwa wakijenga mitaa mipya, kaunti hii ilibaki na malisho. Wenyeji wengi wanajivunia hilo, na ukipita kule unaelewa kwa nini.

Kanuni inavyohesabu

Mwenye kuchora maeneo haya ni Ofisi ya Usimamizi na Bajeti, OMB, iliyo chini ya rais wa Marekani. Hutumia takwimu za Ofisi ya Sensa. Kinachochorwa kinaitwa eneo la kitakwimu la jiji kuu. Hapa nitasema "eneo la jiji" kwa kifupi. Kaunti haiombi kuingia, haipigi kura, wala haiwezi kukataa.

Kwanza hutafutwa kiini, yaani eneo lililojengeka lenye watu 50,000 au zaidi. Vituo vyenye watu kuanzia 10,000 lakini chini ya 50,000 huunda maeneo ya daraja la pili, ya miji midogo. Kisha hutafutwa kaunti kiini. Kaunti ni kiini ikiwa angalau nusu ya watu wake wanaishi katika maeneo yaliyojengeka yenye watu 10,000 au zaidi, au ikiwa ina watu 5,000 ndani ya eneo moja la namna hiyo. Soma tena sharti hilo la pili. Watu 5,000 wakiishi upande wako wa mji wenye watu 10,000, kaunti yako nzima inaweza kuwa kiini, pamoja na misitu na mashamba yake yote.

Baada ya hapo zinaangaliwa kaunti za pembeni, nazo zina njia mbili tu za kuingia. Ama angalau asilimia 25 ya wafanyakazi wanaoishi katika kaunti wawe wanafanya kazi katika kaunti kiini. Ama angalau asilimia 25 ya ajira zilizomo katika kaunti ziwe zimeshikwa na watu wanaoishi katika kaunti kiini. Njia moja inatosha. Msongamano wa watu hauulizwi, majengo hayaulizwi, wala hakuna anayehesabu ng'ombe.

Kaunti ikistahili kuingia maeneo mawili, hupelekwa kule ambako mafungamano ya kazi ni makubwa zaidi, kwa kuwa haiwezi kuwa katika mawili kwa wakati mmoja.

Mfuatano wa matukio

Kanuni za kwanza za aina hii zilitolewa mwaka 1949, kwa ajili ya sensa ya 1950. Shabaha ilikuwa ya kiofisi kabisa: kila idara ya serikali ilikuwa na mipaka yake ya jiji moja, takwimu za ajira hazikulingana na za nyumba, na ilitakiwa ramani moja kwa wote. Tangu mwanzo tofali la kujengea lilikuwa kaunti (isipokuwa majimbo ya New England, ambako kwa muda mrefu ilitumika miji). Kaunti ina mipaka isiyobadilika ovyo na ina takwimu nyingi. Hiyo ndiyo sababu, na ni sababu nzuri.

Kwa miaka 50 iliyofuata, kwenda kazini hakukutosha peke yake. Kaunti ya pembeni ilitakiwa pia kuonyesha sura ya mji: msongamano, ukuaji, sehemu ya watu waishio mjini. Katika kanuni zilizotumika miaka ya 1990 mlango ulianza kwenye asilimia 15 ya wasafiri wa kazini, lakini kadiri watu walivyokuwa wametawanyika ndivyo asilimia ilivyopanda. Kaunti yenye watu wachache kama hii yetu ingehitaji zaidi sana ya robo ya wafanyakazi wake waende kiini.

Desemba 2000 OMB ilitoa kanuni mpya. Kigezo cha sura ya mji kikaondolewa. Asilimia 15 ikapandishwa hadi 25. Mipaka ya kwanza kwa kanuni hizo ilitangazwa Juni 2003, na kaunti yetu haikuwemo. Jirani yake wa kusini, aliyekuwa amehesabiwa ndani ya Washington katika miaka ya 1990, alitolewa na kupewa eneo lake la mji mdogo.

Juni 2010 kanuni zikapitiwa tena, mabadiliko yakawa madogo, asilimia 25 ikabaki. Kilichobadilika sana ni chanzo cha takwimu. Zamani swali la kwamba mtu anafanya kazi wapi lilikuwa kwenye fomu ndefu ya sensa, mara moja kila miaka 10. Sasa linatoka kwenye utafiti wa sampuli unaoendelea mwaka mzima, ACS, ambao kwa kaunti ndogo hukusanya majibu ya miaka 5 ndipo itolewe hesabu moja.

Februari 28, 2013 OMB ikatangaza mipaka iliyotokana na majibu ya 2006 hadi 2010. Kaunti yetu ikawa ndani ya eneo la jiji la Washington kama kaunti ya pembeni. Jirani wa kusini naye akarudishwa. Huyo ndani ya miaka 20 aliingia, akatoka, akaingia tena, bila kuhama hata hatua moja.

Katika msimbo wa Wizara ya Kilimo, kaunti yetu ilikuwa kwenye namba 8 kabla ya hapo: kijijini kabisa, ila inapakana na eneo la jiji. Baada ya tangazo ikawa namba 1. Iliruka ngazi 7 kwa karatasi moja. Mvinyo haukubadilika ladha.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Rahisi kuwacheka makarani. Mimi pia nilianza hivyo. Lakini ukifuata kila uamuzi peke yake unakuta una akili.

Uamuzi wa kuondoa sura ya mji mwaka 2000 ulitokana na mabadiliko ya maisha. Zamani msongamano ulikuwa dalili nzuri kwamba mahali pamefungamana na jiji. Barabara kuu na magari vikavunja uhusiano huo: mtu anaweza kuishi kwenye ekari 30 akafanya kazi kwenye ghorofa ya 8. Kama unachotaka kupima ni soko moja la ajira, pima ajira. Msongamano unapima kitu kingine.

Kupandisha mlango hadi asilimia 25 nako kulikuwa na hoja. Mwaka 1960 wafanyakazi wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi nje ya kaunti wanamoishi walikuwa kama asilimia 15. Mwaka 1990 walikaribia asilimia 25. Kusafiri kwenda kaunti nyingine kulikuwa kumekuwa jambo la kawaida, kwa hiyo mlango uleule wa zamani ungemeza nusu ya nchi.

Uamuzi wa tatu ndio wenye uzito kuliko yote katika kisa hiki, nao hauonekani kwa haraka: kaunti kiini huhesabiwa kama kundi moja. Haiulizwi ni wangapi wanakwenda Washington. Inaulizwa ni wangapi wanakwenda katika kaunti yoyote kati ya zile za kiini, zikijumlishwa.

Mchukue fundi bomba anayeishi kwenye kaunti yetu. Kila asubuhi anaendesha kilomita 40 hivi hadi mji wa jirani wa mashariki, anatengeneza mabomba ya hospitali, saa kumi na moja jioni anarudi. Hajakanyaga Washington mwaka mzima na hana shughuli nako. Lakini mji ule wa jirani umepita kipimo cha watu, kwa hiyo kaunti ya jirani ni kiini, kwa hiyo fundi wetu amehesabiwa kama mtu aliyefungwa na jiji la Washington. Muuguzi wa hospitali hiyohiyo, karani wa mahakama ya mji huo, muuza duka, wote vilevile.

Tuweke hesabu ya mfano, tarakimu ni zangu za kufundishia tu. Kaunti ina wafanyakazi wakaazi 3,600. Robo yao ni 900. Tuseme 400 wanafika Washington yenyewe na vitongoji vyake vya karibu, hao ni asilimia 11. Peke yao hawatoshi kabisa. Lakini 500 wanaishia mji wa jirani. Jumla 900, mlango umefunguka. Jiji limefika kijijini kwa kurukia bega la jirani.

Sasa nigeuze mfano huohuo. Tuseme kaunti ingeruhusu kiwanda cha kupakia matufaha na supamaketi moja, na watu 200 kati ya wale 900 wakapata kazi hapohapo nyumbani. Wasafiri wanabaki 700, asilimia 19. Kaunti iko nje ya jiji. Yaani ingejenga zaidi, ingebaki kijiji kwenye vitabu.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha kisa chote. Kaunti iliweka ekari 25 ili isiwe mji. Ekari 25 zikazuia nyumba nyingi, nyumba chache zikafukuza maduka, maduka yasipokuwepo ajira za hapo zikawa chache, na wanaohitaji mshahara wakawasha gari kwenda kwa jirani. Kipimo kinachotazama gari tu kikasema: hawa ni wa jijini. Siwezi kudai sheria ya viwanja ndiyo sababu pekee. Milima na hifadhi vimechangia, na bei ya ardhi iliyopandishwa na watu wa Washington wenye nyumba za wikendi pia. Lakini mwelekeo ni huo, na unapingana na kila kitu ambacho neno "jiji" linamfanya mtu afikirie.

Hao wa wikendi, kwa njia, hawahesabiwi. Anayelala kule Ijumaa na Jumamosi tu ni mkazi wa Washington kwa mujibu wa utafiti. Wengi hudhani ndio walioivuta kaunti jijini. Hapana, walioivuta ni wenyeji wanaotoka.

Matokeo

Kilichotarajiwa na wengi ni kwamba kaunti ingepoteza kila kitu cha vijijini: misaada, mikopo, ruzuku. Haikuwa hivyo, na sababu zinatofautiana idara kwa idara.

Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD, hupanga kila mwaka kiwango cha kodi ya nyumba kinachotumika kwa wapangaji wanaosaidiwa na serikali. Kiwango hicho kwa kawaida hufuata eneo la jiji. Fikiria kodi ya Washington ikipachikwa kwenye nyumba ya mbao iliyo kando ya malisho; mwenye nyumba angeshangilia, mlipa kodi ya serikali angelia. HUD ilipoanza kutumia mipaka ya 2013 haikufanya hivyo. Iliitenga kaunti ikawa eneo lake peke yake la kodi, ingawa kwa jina bado ni la jiji. Viwango vya kipato vinavyoamua nani asaidiwe navyo vikafuata mpaka huo mdogo.

Mikopo ya nyumba za vijijini ya Wizara ya Kilimo hutazama zaidi ukubwa wa mji na hali ya mahali penyewe. Mashamba ya wazi hubaki mashamba ya wazi hata yakiwa ndani ya eneo la jiji. Ajabu ni kwamba wizara hiyohiyo, kwenye meza nyingine, ndiyo yenye ule msimbo wa 1 hadi 9.

Afya ilikuwa ngumu zaidi. Ofisi ya serikali kuu inayosimamia ruzuku za afya vijijini huanza kwa kuziondoa kaunti zote za maeneo ya majiji, halafu inarudisha baadhi kwa kutazama vipande vidogo vya sensa ndani yake. Utaratibu huo una historia ndefu, uliwekwa mahsusi kwa sababu ya kaunti kubwa kama San Bernardino. Kwa kaunti ndogo ya pembeni ulikuwa bahati nasibu. Mwaka 2021 ofisi hiyo ilitangaza nyongeza: kaunti iliyo ndani ya eneo la jiji lakini haina hata mtu mmoja anayeishi katika eneo lililojengeka la watu 50,000 na zaidi, ihesabiwe ya vijijini kwa ruzuku zake. Kaunti yetu ni mfano kamili wa walengwa. Ilichukua miaka 8 tangu tangazo la 2013.

Hospitali zina adha ya namna nyingine. Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, hulipa hospitali kwa kuzingatia mishahara ya eneo lake, na hospitali ndogo za vijijini zenye vitanda visivyozidi 25 hupata malipo ya aina yake kwa sharti la kuwa vijijini. Mpaka ukihama, hospitali inaweza kulazimika kuomba upya ihesabiwe ya kijijini. Kaunti yetu haina hospitali, kwa hiyo tone hilo halikuidondokea.

Na watu? Sensa ya 2010 na ya 2020 zinatofautiana kwa chini ya watu 50. Eneo la jiji la Washington lilivuka milioni 6, na kaunti yetu ikawa na mtu 1 katika kila watu 870 hivi wa eneo hilo. Mpaka mpya wa 2023, uliotokana na majibu ya 2016 hadi 2020, umeiacha palepale ndani.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kwa kazi kiliyoundiwa, kipimo kilifaulu. Kilitaka kujua kama watu wa hapa wanategemea soko la ajira la kule, na jibu ni ndiyo. Serikali ikipunguza wafanyakazi Washington na vitongoji vyake, mshtuko unapita kaunti ya jirani na kufika mpaka kwa fundi bomba wetu. Mchumi anayechora ramani ya ajira angekosea kama angeiacha kaunti hii nje.

Kilichoshindikana ni jina. Serikali ya Marekani ina mizani mbili tofauti. Moja hupima ardhi kipande kwa kipande, na hutofautisha mjini na kijijini. Nyingine hupima safari za kazini kwa kaunti nzimanzima. OMB yenyewe imeandika wazi katika kanuni zake kwamba maeneo ya majiji hayagawi nchi kati ya mjini na kijijini, na kwamba idara zinazotaka kuyatumia kugawa fedha zitafakari kwanza. Kwa vile maandishi hayo hayana meno, watumiaji wanayaruka. Zaidi ya nusu ya Wamarekani waishio vijijini wanaishi ndani ya kaunti za maeneo ya majiji. Kila mtafiti anayefuta kaunti za majiji ili abaki na "vijijini" anafuta zaidi ya nusu ya wale anaowatafuta. Nilikuwa karibu kufanya hivyo mwenyewe kwa kichujio kimoja.

Sampuli nayo ina lake. Majibu ya miaka 5 kwa kaunti yenye watu 7,000 ni ya kaya chache, na kila kadirio lina nafasi yake ya kukosea. Lakini mlango hauna nafasi: kadirio likisema 25 umeingia, likisema 24.9 uko nje. Kwa kaunti kubwa hilo ni jambo dogo. Kwa ndogo, familia chache zilizobahatika kupata fomu zinaweza kuamua upande. Ningependa kaunti iliyo karibu na mstari iangaliwe kwa vipindi viwili mfululizo kabla ya kuhamishwa. Jirani wa kusini angeepushwa na kuingia na kutoka kama mlango wa hoteli.

HUD ninaipa alama ya juu kuliko idara nyingine katika kisa hiki. Haikubishana na mpaka. Ilikubali ramani ya OMB kama mwanzo, kisha ikauliza swali lake yenyewe: kodi ya hapa inafanana na ya kule? Haifanani. Ikatenga. Ofisi ya afya ilifika mahali pamoja nayo kwa kuchelewa.

Kuna waliopendekeza kupandisha kiwango cha kiini. Januari 2021 OMB ilileta wazo la watu 100,000 badala ya 50,000, na maeneo 144 yangeshushwa daraja. Miji midogo ilipiga kelele, Julai mwaka huohuo likaachwa. Kwa kaunti yetu lisingesaidia chochote, maana kiini chake ni Washington. Hao waliokuwa wakigombana walikuwa wakigombana kuhusu mlango wa mbele, na kaunti hii iliingilia uani.

Jambo la mwisho ni la 2028, kwa kuwa kwa ratiba iliyowekwa pamoja na kanuni za 2021 mwaka huo kaunti za pembeni zitapimwa upya. Utafiti huuliza wiki iliyopita ulifanya kazi wapi zaidi. Anayefanya kazi ya kampuni ya Washington akiwa mezani kwake nyumbani anaandikwa kuwa amefanya kazi ndani ya kaunti yake. Majibu yaliyotumika 2023 yalikuwa yamekusanywa zaidi kabla ya korona. Yatakayofuata yatakuwa na miaka ya watu kufanyia kazi nyumbani. Kama wa kutosha miongoni mwa wale wanaofika Washington wataacha kuwasha gari siku tatu kwa wiki, kaunti inaweza kushuka chini ya 25 na kurudi kijijini, huku mishahara yao ikitoka jijini kuliko wakati wowote. Fundi bomba ataendelea kwenda hospitalini kwa jirani. Mabomba hayatengenezwi kwa intaneti.